Hesabu Iko kwa Nani? Mwongozo wa Kuelewa Uchaguzi wa Bunge Unaobishaniwa

Tarehe 20 Novemba 2003, siku 18 baada ya wananchi wa Georgia kupiga kura ya kuchagua wabunge, Tume Kuu ya Uchaguzi ya nchi hiyo ilitangaza matokeo ya mwisho mjini Tbilisi. Muungano wa vyama vilivyomuunga mkono Rais Eduard Shevardnadze ulipewa nafasi ya kwanza kwa asilimia 21 ya kura. Wa pili alikuwa Aslan Abashidze, mtawala wa jimbo la Adjara lililo kando ya Bahari Nyeusi, ambaye chama chake kilipewa karibu asilimia 19. Chama cha National Movement, kilichoongozwa na mwanasheria kijana Mikheil Saakashvili, kikawekwa nafasi ya tatu kwa asilimia 18.

Wakati huo wananchi walikuwa wameshaiona hesabu nyingine. Shirika la waangalizi wa ndani, linalojulikana kwa kifupi kama ISFED, lilikuwa limepeleka watu wake vituoni, likajumlisha lenyewe na kupata picha tofauti kabisa: National Movement karibu asilimia 27, muungano wa serikali 19, chama cha Labour 17, na Abashidze 8 tu. Siku tatu baada ya tume kutangaza, Shevardnadze alijiuzulu. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Umoja wa Kisovieti, na aliyeiongoza Georgia tangu 1992. Aliondoka bila mtu yeyote kuuawa.

Georgia ninayoizungumzia hapa ni ile nchi ndogo ya milima ya Kaukazi, iliyobanwa kati ya Urusi na Uturuki, yenye watu wasiofika milioni 5. Ipo mbali na sisi, lakini yaliyotokea huko yanafaa kusomwa na kila mpiga kura aliyewahi kusikia maneno "tumeibiwa" na "tumeshinda kihalali" yakitoka pande mbili usiku mmoja, asijue amwamini nani. Ninachoamini ni kwamba ushindi wa wale waandamanaji ulianzia vituoni, kwenye karatasi za matokeo, kabla mtu yeyote hajaingia barabarani. Umati peke yake unaweza kuangusha serikali. Kujua nani alishinda kunahitaji hesabu.

Hesabu nne za usiku mmoja

Usiku wa uchaguzi huwa na hesabu zaidi ya moja, na watu huzichanganya. Tuzitenganishe.

Ya kwanza ni ya vyama. Kila chama kina mawakala vituoni, na kila wakala hupiga simu makao makuu. Hesabu hii huja mapema na huja na furaha, lakini chama huanza kujumlisha pale kinapopendwa na ambako mawakala wake ni wengi. Mtu akikuambia saa nne usiku kuwa chama chake kinaongoza kwa asilimia 70, muulize vituo vingapi, na vya wapi.

Ya pili ni ya maoni ya watu waliotoka kupiga kura. Watafiti husimama nje ya kituo na kumuuliza kila mtu wa kumi, kwa mfano, amempigia nani. Ni hesabu yenye manufaa, ila inategemea ukweli wa anayejibu, na mtu mwenye hofu hasemi kweli kwa mgeni mwenye kalamu. Katika uchaguzi wa bunge wa Georgia wa tarehe 26 Oktoba 2024, utafiti wa namna hii uliotangazwa na televisheni inayoipendelea serikali ulikipa chama tawala cha Georgian Dream asilimia 56. Tafiti nyingine mbili, zilizotangazwa na televisheni za upande wa upinzani, zilikipa asilimia 41 au 42. Siku moja, swali moja, majibu yaliyopishana kiasi cha kubadilisha serikali. Kwa hiyo utafiti wa mlangoni usiuchukue kuwa ushahidi wa wizi, wala wa uhalali. Uchukue kama dalili ya kukufanya uchunguze zaidi.

Ya tatu ndiyo iliyobeba mambo ya 2003, nayo ni hesabu sambamba. Waangalizi hawatumii maneno ya mtu. Wanakaa kituoni tangu asubuhi hadi kura zihesabiwe, wanaandika namba zilizomo kwenye fomu ya matokeo iliyosainiwa, na kuzituma. Si lazima wawe kwenye vituo vyote nchini. Inatosha vituo vichaguliwe kwa bahati nasibu, mjini na shamba, ngome za huyu na za yule, bila mkono wa mtu kuchagua anakotaka. Mpishi huonja kijiko kimoja akajua chumvi ya sufuria nzima, mradi ameukoroga mchuzi kwanza, na bahati nasibu ndiyo mwiko wa kukorogea. Pasipo bahati nasibu, hata vituo elfu kumi vitakudanganya.

Hesabu sambamba ina kiwango chake cha kukosea, kwa kawaida pointi moja au mbili. Ikiwa wagombea wamepishana kwa nusu ya asilimia, haiwezi kusema nani kashinda, na shirika la kweli litakiri hivyo. Lakini ikiwa chama kimepewa 18 na hesabu sambamba inasema 27, hapo hakuna kiwango cha kukosea kinachoweza kuliziba hilo pengo. Ndiyo maana Tbilisi hawakubishana sana juu ya nani ana haki. Televisheni ya Rustavi 2 iliziweka hesabu hizi kwenye skrini pamoja: ya tume, ya maoni ya mlangoni, na ya waangalizi. Kila mwenye televisheni alijionea.

Ya nne ni ya tume, na ndiyo pekee yenye nguvu ya sheria. Wasomaji wengi hufikiri kazi ya hesabu nyingine ni kuipinga hii. Mara nyingi huithibitisha. Kenya, mwaka 2022, kundi la waangalizi la ELOG lilifanya hesabu sambamba ya kura za urais, na matokeo yake yakalandana na yaliyotangazwa na IEBC, tume ya uchaguzi ya nchi hiyo. Tume yenyewe ilikuwa imepandisha fomu za 34A za vituo vyake 46,229 kwenye tovuti, kila Mkenya mwenye simu akaweza kuzisoma na kujumlisha. Mgogoro ulikwenda Mahakama ya Juu, lakini ulikwenda ukiwa na karatasi zilizo wazi kwa wote. Jambo hilo moja lilipunguza joto kubwa.

Wizi unakaa wapi

Kura zinaweza kuibwa kabla ya siku yenyewe, siku yenyewe, au usiku wa kujumlisha. Kila wakati una alama zake.

Kabla ya siku yenyewe, tazama daftari la wapiga kura. Georgia 2003 ilikuwa na daftari lililovurugika vibaya: marehemu waliomo, walio hai wasiomo, mitaa mizima iliyopotea. Watu walifika vituoni na vitambulisho vyao wakaambiwa majina hayapo. Wizi wa daftari una ubaya wake wa pekee kwa sababu hauachi kura ya kuhesabiwa upya. Mtu aliyerudishwa nyumbani hana karatasi ndani ya sanduku. Kirgizstani, nchi ya Asia ya Kati nitakayoirudia baadaye, ilikuwa na fomu iliyomruhusu mpiga kura kuhamishia kura yake mahali pengine. Nia ilikuwa njema, kuwasaidia wanaofanya kazi mbali na kwao. Katika uchaguzi wa bunge wa 2020 mamia ya maelfu ya watu waliitumia, na lawama zikawa kwamba vyama vyenye fedha vilisomba wapiga kura walionunuliwa kwa njia hiyo kuwapeleka vilikotaka.

Siku yenyewe kuna kununua kura, kutisha watu, kujaza masanduku, na kumpeleka mtu mmoja kupiga kura vituo vitatu. Kuna pia njia za kimya zaidi. Mwaka 2024 Georgia ilitumia mashine za kusoma karatasi za kura, na malalamiko makubwa yakawa kwamba wino wa alama ulionekana upande wa pili wa karatasi, kiasi kwamba aliyesimama karibu na mashine angeweza kujua umempigia nani. Kwa mtumishi wa serikali anayeogopa mkuu wake, hilo linatosha. Jaji mmoja wa Tetritskaro aliyakubali malalamiko hayo na kufuta matokeo ya vituo vya wilaya yake. Mahakama ya Rufani ya Tbilisi ikautengua uamuzi wake.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Hesabu sambamba haioni vitisho. Inaona namba zilizoandikwa kituoni na kuuliza kama ndizo zilizofika makao makuu. Kura ikinunuliwa usiku wa jana, itahesabiwa sawasawa leo, na hesabu sambamba itaipitisha. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2024: hesabu ya ISFED haikutofautiana sana na ya tume, iliyokipa chama tawala karibu asilimia 54, na shirika hilohilo likaonya kwamba kipimo chake hakigusi shinikizo na uvunjaji wa siri ya kura. Kwa hiyo msomaji akiambiwa "hesabu sambamba imethibitisha", aulize imethibitisha nini hasa.

Usiku wa kujumlisha ndio wenye alama zilizo rahisi kuzisoma. Adjara ya 2003 ni darasa zima. Matokeo ya jimbo lile yalichelewa kupita mengine, wakati huo wote tume ikisubiri. Yalipokuja, karibu kila aliyeandikishwa alionekana kuwa amepiga kura, na karibu kura zote zilikwenda kwa chama cha mtawala wa jimbo. Chama ambacho waangalizi walikipa asilimia 8 ya nchi nzima kikapanda hadi 19 kwa ajili ya jimbo moja.

Basi ukipata jedwali la matokeo, liangalie kwa mtindo huu. Je, kuna mahali ambapo waliopiga kura wanakaribia asilimia 100 ya walioandikishwa? Katika eneo lolote lenye wagonjwa, wasafiri na watu waliofiwa wiki hiyo, jambo hilo halitokei lenyewe. Je, kura za wagombea wote ukizijumlisha na zilizoharibika zinalingana na karatasi zilizotolewa? Je, eneo lililochelewa ni lile lenye mtawala mkali? Je, namba ya kituo iliyobandikwa mlangoni ndiyo iliyo kwenye jedwali la jimbo? Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo ambalo mwananchi wa kawaida anaweza kulijibu bila kusomea takwimu, kama tu alipiga picha ya fomu.

Siku 21 za Tbilisi

Maandamano yalianza siku chache baada ya kura ya tarehe 2 Novemba, mbele ya jengo la bunge katika barabara ya Rustaveli. Viongozi walikuwa watatu: Saakashvili, Zurab Zhvania, na spika wa bunge lililokuwa likimaliza muda wake, Nino Burjanadze. Nyuma yao kulikuwa na vijana wa Kmara, vuguvugu lililoanza Aprili mwaka huo na lililojifunza mbinu kutoka kwa vijana wa Otpor waliosaidia kumwondoa Slobodan Milošević nchini Serbia mwaka 2000.

Madai yao hayakuwa ya kumwondoa rais tangu siku ya kwanza. Mwanzoni walitaka matokeo ya kweli yatambuliwe. Baadaye walitaka uchaguzi urudiwe. Shevardnadze badala ya kuzungumza nao kwa dhati alisafiri kwenda Batumi, mji mkuu wa Adjara, kutafuta msaada wa Abashidze, na siku zilizofuata wafuasi wa Abashidze wakaletwa Tbilisi kwa mabasi. Kila alipokwepa swali la hesabu, dai la waandamanaji lilipanda ngazi moja. Katikati ya Novemba maelfu walishikana mikono kuzunguka ofisi yake.

Tume ilipotangaza tarehe 20, serikali ilianza kuvunjika kutoka ndani. Katibu wa Baraza la Usalama la Taifa alikiri hadharani kwamba uchaguzi ulikuwa na kasoro kubwa. Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa rafiki wa Shevardnadze, ilisema matokeo hayakuwakilisha matakwa ya wananchi. Misafara ya magari ikatoka mikoani kuja mji mkuu.

Tarehe 22 Novemba bunge jipya lilikutana. Shevardnadze alikuwa katikati ya hotuba yake Saakashvili alipoingia ukumbini na watu wake, mkononi ameshika ua la waridi. Walinzi wakamtoa rais kwa mlango wa nyuma. Alitangaza hali ya hatari, lakini askari hawakuitekeleza. Burjanadze akatangaza kwamba anashika urais kwa muda kama katiba inavyompa spika. Kesho yake Igor Ivanov, waziri wa mambo ya nje wa Urusi, aliyezaliwa na mama wa Kigeorgia, aliwapatanisha wakazungumza, na jioni Shevardnadze akaandika barua ya kujiuzulu.

Tarehe 25 Novemba Mahakama ya Juu ya nchi ilifuta matokeo ya viti vya orodha za vyama, vile 150 ambavyo hesabu yake ndiyo iliyobishaniwa. Haikufuta uchaguzi wote, kwa sababu wabunge wa majimbo hawakuwa kiini cha kesi. Hata baada ya rais kuondoka, washindi waliona haja ya mahakama kuandika uamuzi na kutaja kilichofutwa na kisichofutwa. Mara nyingi hatua hiyo husahaulika katika hadithi za maua.

Bishkek, pale dai lilipopotea

Linganisha na Kirgizstani. Tarehe 4 Oktoba 2020 vyama 16 viligombea viti 120 vya bunge. Sheria ilitaka chama kifikishe asilimia 7 ya kura ili kipate kiti, na vinne tu ndivyo vilivyofika, vitatu kati yake vikiwa karibu na Rais Sooronbai Jeenbekov. Vyama 12 vikabaki nje na hasira ya pamoja.

Tarehe 5 watu walijaa uwanja wa Ala-Too mjini Bishkek. Jioni polisi walitumia mabomu ya machozi na mizinga ya maji, na kabla ya mapambazuko waandamanaji walikuwa wameshaingia ndani ya jengo la bunge na ofisi ya rais. Mtu mmoja aliuawa na mamia wakajeruhiwa. Tarehe 6 tume ikafuta matokeo. Yaani siku mbili tu, na dai la uchaguzi limekwisha kupatikana!

Lakini usiku ule bunge lilipovamiwa, milango ya magereza nayo ilifunguliwa. Aliyetoka mmojawapo ni Sadyr Japarov, mwanasiasa aliyekuwa akitumikia kifungo. Kabla ya wiki mbili kuisha alikuwa waziri mkuu, Jeenbekov amejiuzulu tarehe 15, na Japarov anakaimu urais. Januari 2021 akashinda urais kwa asilimia 79. Aprili wananchi wakapiga kura ya maoni kupitisha katiba mpya iliyompa rais madaraka makubwa na kupunguza viti vya bunge hadi 90. Uchaguzi wa bunge, ambao ndio uliowatoa watu majumbani, ulirudiwa tarehe 28 Novemba 2021, zaidi ya mwaka mmoja baadaye, kulichagua bunge lenye nguvu ndogo kuliko lile walilolipigania.

Vyama vile 12 vilikuwa na hasira moja bila dai moja. Havikuwa na hesabu ambayo vilikubaliana, wala kiongozi mmoja wa muda, wala tarehe ya kurudia kura. Madaraka yalipodondoka barabarani, aliyeyaokota ni aliyekuwa na watu wengi wenye nguvu karibu naye.

Mahakama na makataa yake

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki swali la haraka ni: mimi nikiona mbunge wangu ametangazwa isivyo halali, nifanye nini?

Kenya, katiba inataka malalamiko ya uchaguzi wa mbunge yafikishwe Mahakama Kuu ndani ya siku 28 tangu matokeo yatangazwe na tume, na mahakama iamue ndani ya miezi sita. Mlalamikaji anaweka dhamana ya gharama ya shilingi 500,000 za Kenya kwa kesi ya ubunge. Ushahidi wa kwanza atakaoulizwa ni fomu ya 35A, ile ya matokeo ya ubunge ya kila kituo, kisha 35B ya jumla ya jimbo. Wakili mzuri atakuuliza fomu kabla ya kukuuliza hadithi. Picha iliyopigwa usiku ule, yenye namba ya kituo na saini za mawakala, ina thamani kuliko mashahidi ishirini wanaosema "kila mtu anajua".

Tanzania, mgawanyo ni wa namna yake. Katiba, ibara ya 41(7), inazuia mahakama yoyote kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa na tume. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliamua kwamba kizuizi hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Ubunge ni jambo jingine: matokeo yake yanaweza kupingwa Mahakama Kuu, na wabunge wamewahi kuvuliwa viti kwa njia hiyo. Muda wa kufungua shauri ni mfupi na dhamana ya gharama inadaiwa, kwa hiyo anayefikiria kwenda mahakamani amwone wakili siku zilezile za mwanzo, asisubiri kikao cha chama.

Wapo wanaosema mahakama zetu haziwezi kufuta uchaguzi mkubwa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilifuta uchaguzi wa rais kwa majaji wanne dhidi ya wawili, mara ya kwanza kwa bara la Afrika. Soma sababu zake: fomu zisizo na alama za usalama, matokeo yaliyotumwa bila fomu zake, na tume iliyokataa kufungua mitambo yake ikaguliwe kama ilivyoamriwa. Karatasi, tena karatasi.

Ukiamua kwenda barabarani

Maandamano ya amani ni haki. Ibara ya 37 ya katiba ya Kenya inaitaja waziwazi, na sheria ya utulivu wa umma inataka polisi wapewe taarifa siku tatu hadi 14 kabla. Tanzania sheria ya polisi inataka taarifa ya saa 48. Ni taarifa, lakini polisi hulazimisha iwe ombi, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Andika taarifa yako, ipeleke, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kagua pia kama sheria imebadilishwa karibuni. Tarehe 28 Novemba 2024 waziri mkuu wa Georgia, Irakli Kobakhidze, alipotangaza kusimamisha mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya hadi mwisho wa 2028, barabara ya Rustaveli ilijaa tena usiku baada ya usiku. Wakati watu wangali barabarani bunge likapitisha sheria mpya: marufuku ya kufunika uso, na faini ya kuziba barabara kupandishwa hadi lari 5,000, mshahara wa miezi kadhaa kwa wengi. Aliyekuwa hajasoma sheria hiyo aliijua baada ya kukamatwa.

Mengine ni ya kawaida lakini yanaokoa. Mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa ya kurudi. Andika namba ya simu ya wakili mkononi kwa kalamu, kwa sababu simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Beba maji na dawa zako. Watoto wabaki nyumbani. Akitokea mtu karibu yako anaokota mawe au anahimiza kuvunja duka, kaa mbali naye na waambie waongozaji, maana kokoto moja hutosha kuwapa polisi kisingizio cha risasi. Mwaka 2003 viongozi wa Tbilisi waliwahimiza watu wao kila siku wasiguse askari wala mali, na askari walipofika wakati wa kuamua, hawakuwa na sababu ya kuwapiga watu waliokuwa wakiwapa maua.

Picha na video usizisambaze kabla ya kujua zilipigwa lini na wapi. Picha za maandamano ya miaka ya nyuma, hata za nchi nyingine, hurudi kila uchaguzi. Tafuta maandishi kwenye mabango, namba za magari, hali ya hewa. Na ukipiga picha ya umati, fikiria nyuso zilizomo. Anayekuja kuwatafuta watu wiki ijayo atatumia picha yako.

Baada ya ushindi

Georgia ilirudia kura kwa utaratibu. Tarehe 4 Januari 2004 Saakashvili alichaguliwa rais kwa asilimia 96, na tarehe 28 Machi viti vya orodha vikarudiwa, muungano wake ukachukua theluthi mbili ya kura. Mbali nao ni muungano mmoja tu wa upinzani uliovuka kizingiti cha asilimia 7. Februari katiba ikarekebishwa kumpa rais nguvu zaidi juu ya bunge. Watu waliopigania bunge la kweli wakapata bunge lisiloweza kumzuia rais. Novemba 2007 polisi wa Saakashvili waliwatawanya waandamanaji kwa mabomu ya machozi na risasi za mpira katika barabara ileile ya Rustaveli. Mwaka 2012 chama chake kilishindwa uchaguzi wa bunge naye akakubali, na walioingia ni Georgian Dream ya tajiri Bidzina Ivanishvili, haohao wanaolaumiwa leo.

Kwa hiyo anayeandamana kwa ajili ya kura adai pia mambo yatakayobaki baada ya kiongozi kubadilika: daftari safi, fomu za kila kituo kuwekwa mtandaoni, tume isiyoteuliwa na upande mmoja, na kizingiti kisichotupa nje kura za watu wengi. Viongozi wapya huahidi hayo yote siku ya kwanza, na huacha kuyataja wakishakaa.

Uchaguzi ujao, hakiki jina lako kwenye daftari wakati wa uhakiki, usisubiri asubuhi ya kura. Matokeo ya kituo chako yakishabandikwa hadharani, piga picha inayosomeka ya fomu yote, ihifadhi, na umtumie nakala mtu unayemwamini. Kisha mtafute wakala wa chama chako umuulize kama amepewa nakala iliyosainiwa. Akikuambia hakupewa, mwambieni msimamizi wa kituo usiku huohuo na mwandike jina lake, saa, na jibu alilowapa.